Mkorosho wa Kiwanja cha Mtaa

Kiwanja kile kilikuwa jalala. Mwanaheri, anayeuza uji na mihogo pembeni yake hapo Nachingwea mjini, alichoka kufukuza inzi kwenye vikombe vya wateja, akawatoa majirani ndani kwa kelele: "Mnangoja kipindupindu ndiyo mshike koleo?" Wakatoka. Miaka miwili, kila Jumamosi, walizoa taka, wakapanda miarobaini, wakaweka mabenchi. Watu wakaanza kupumzika pale. Mwanaheri akawa na raha, tena raha isiyojificha.

Basi mvua za mwaka huu akaharibu mwenyewe. Kaka yake wa kijijini Mkotokuyana alimletea mche wa mkorosho, naye akaupanda katikati ya kiwanja, peke yake, siku ya Jumatano, ili watoto waje wale mabibo. Masikini! Mtu wa kusini, kazaliwa shambani, akasahau kwamba huku kwetu mkorosho haupandwi hivihivi. Kesi ngapi za mashamba zimeamuliwa kwa swali moja tu: mikorosho ya nani? Aliyeipanda ndiye mwenye ardhi.

Jumamosi hakuja mtu. Iliyofuata, vilevile.

Felisian, seremala aliyetengeneza yale mabenchi, ndiye aliyemwambia ukweli. "Mama Zuhra, watu wanasema umejimilikisha kiwanja."

"Mimi?"

"Si umepanda mkorosho?"

Mwanaheri alishika kiuno, akafoka, akaapa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba angekuwa jirani, naye angesema hivyohivyo. Mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama, akaung'oa mche na kuurudisha Mkotokuyana kwa bodaboda.

Jumamosi wakaja watu kumi na tisa. Felisian alibeba mche wa mkungu, mti wa kivuli tu, akamnyooshea. "Panda wewe, mama. Tumekukosea."

"Mmenikosea kweli, na imeniuma," alisema Mwanaheri, mikono kaificha nyuma. "Lakini mche sishiki. Shikeni wote."

Wakacheka kwa aibu. Kila mmoja akatia udongo wake, hata bibi Safina na mkongojo wake. Mwanaheri akasubiri mpaka shimo likajaa, ndipo akainua ndoo.

"Kumwagilia je, naruhusiwa?" akauliza. "Maji hayampi mtu kiwanja."

Safari hii hakucheka mtu. Felisian akampisha, na Mwanaheri akamwagilia huku machozi yakimtoka.