Bibi Aliyezuia Mvua

Enzi za ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara, shule za binafsi ziliota Mwanza kama uyoga, nami nikapata kazi katika mojawapo, upande wa Kiseke. Maktaba hatukuwa nayo. Siku moja mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa anafunga duka lake mjini ili awafuate wanawe ng'ambo alituletea maboksi ya riwaya za Kiingereza walizosoma wanawe hao utotoni. Zilijaa majoka, majini na falme za chini ya ardhi. Mkuu wa shule akatuagiza, mimi na mwalimu mwenzangu wa Kiingereza, tuchague moja ya kusoma na kidato cha kwanza.

Mwenzangu alikuwa ameshachagua. Alisoma kitabu hicho akiwa mdogo na mapenzi yake hayakupungua. Ndani yake kijiji kimekauka, watoto wanagundua kwamba mvua imefungwa na bibi kizee mwenye macho mekundu, anayeishi peke yake kando ya ziwa. Wanakijiji wanaichoma nyumba yake, naye yumo ndani. Jioni hiyohiyo mvua inanyesha na watu wanacheza ngoma.

Nilikisoma ofisini mchana kweupe, vinyweleo vikanisimama. Miaka ile vikongwe wa Usukumani walikuwa wanakatwa mapanga, wakidaiwa kuwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Nilimwambia mwenzangu.

"Hiyo ni hadithi tu," alijibu. "Watoto wanajua. Tuwasomee sura moja, tuone."

Alisoma yeye, na alikuwa msomaji hodari. Darasa liliogopa, likacheka, likaogopa tena. Alipofika kwenye macho ya bibi, akasimama msichana mmoja wa kutoka Sengerema, ambaye muhula mzima sikuwahi kumsikia akiuliza swali.

"Mwalimu, huyo bibi alikuwa anapikia nini?"

"Kitabu hakisemi. Kwa nini?"

"Kama anapikia mavi ya ng'ombe, ndiyo maana macho yako hivyo."

Wachache walicheka. Hakukaa mpaka kengele ilipolia.

Baada ya masomo alinifuata. "Bibi yangu hatoki ndani," alisema. "Nikirudi lazima nimsimulie tulichosoma. Hii nitaisimuliaje?"

Nikaenda naye. Yeye na bibi yake walipanga chumba kimoja. Nje jua lilikuwa bado kali, ndani giza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Funga mlango."

Alikuwa amejifunika mtandio hadi kwenye nyusi. Nilimsimulia kwa Kisukuma, kwa sababu Kiswahili kilimpa shida, na nilikusudia kuugeuza mwisho. Lakini nilipositasita, aliuliza mwenyewe.

"Walimuua?"

"Walimuua, bibi."

"Na mvua ikanyesha?"

"Ikanyesha."

"Siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo."

Bibi aliinuka taratibu, akapapasa komeo la mlango, akalisukuma ingawa lilikuwa limeshafika mwisho, kisha akarudi kukaa.

Msichana alinisindikiza hadi barabarani. "Kule kwetu walianza na jirani yake bibi," alisema bila kunitazama. "Mvua haikunyesha. Ndipo wakaanza kumwangalia bibi. Tulivuka kivuko cha Busisi amefunikwa uso kama mgonjwa anayepelekwa hospitali."

Kesho yake nilimweleza mwenzangu yote. Alikitoa kitabu kwenye mkoba wake na kukirudisha ndani ya boksi, chini kabisa ya vingine. Tukachagua kingine, cha mapacha wanaotafuta njia ya kutoka kwenye mji uliomezwa na mlima. Darasa lilikipenda mpaka wakagombania zamu ya kusoma, na msichana yule naye alisoma, kwa sauti ndogo iliyonyooka. Ila mimi, kila tulipofungua ukurasa mpya, nilikuwa natangulia kwa macho kutafuta kama kuna kikongwe mahali.

Wiki iliyofuata nilimpelekea bibi sukari. Aliyenifungulia mlango alikuwa mama mwingine mwenye mtoto mgongoni. Wapangaji wa zamani, alisema, walihama ghafla.

Nilimtafuta msichana wakati wa mapumziko.

"Bibi alikupenda sana, mwalimu," aliniambia, akichora ardhi kwa kidole cha mguu. "Lakini anasema mahali akishajulikana, hapafai tena."

Sikumuuliza walikohamia, na yeye hakuniambia.