Kuni za Msiba Usiokuwepo

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, binti wa kaka yangu alikuwa amepata ziro. Akajifungia chumbani. Mama yake akanipigia simu: mtoto hali, hasemi, chakula akiwekewa mlangoni wanakula kuku. Nikaacha shamba langu la kahawa Mbinga, nikateremka hadi kwao Lundo, kando ya ziwa.

Sikuwahi hata kutua begi. Wifi yangu aliponiona tu aliangua kilio cha kusikika mpaka ziwani.

"Nyamaza wewe! Unamtisha mtoto!"

Wapi! Alizidi. Nikamwacha hapo uani, nikaenda kugonga mlango wa chumba. Ndani kikatoka kisauti: "Shikamoo, shangazi."

"Siitikii shikamoo ya nyuma ya mlango. Toka uniamkie kama watu."

Komeo halikusogea. Ukali wangu ulikuwa wa mdomoni tu. Moyoni niliogopa, maana mtoto mwenye uchungu ule, peke yake, anaweza kuwaza lolote.

Mara uani kukajaa akina mama wa jumuiya, kuni vichwani, unga, na beseni la usipa, dagaa wetu wa ziwani. Mmoja alishaanza kupanga mafiga. Huku kwetu kilio kikisikika watu hawaulizi, wanabeba kuni. Na hawa walishaona shangazi mtu kashuka na begi kutoka Mbinga. Wakajumlisha wenyewe.

"Poleni jamani," akasema mkubwa wao. "Marehemu nani?"

"Marehemu ni mtihani!" nikafoka. "Mtoto kafeli, basi!"

Wifi alinyamaza palepale kwa aibu. Yule mama akaketi juu ya mzigo wake wa kuni, akashusha pumzi.

"Afadhali! Njia nzima natetemeka nikidhani ni huyo binti." Kisha akageukia dirisha la chumba, akapaza sauti. "Wewe mtoto una bahati! Mimi nilifeli darasa la saba, hakuna aliyeniletea hata ukuni mmoja!"

Uani pakalipuka kicheko. Na ndani ya chumba, jamani, nikasikia mtu anajizuia kucheka, akashindwa.

Kuni za msiba hazirudi nyumbani, kwa hiyo zikawashwa. Usipa ukaungwa kwa nyanya, ugali ukasongwa. Harufu ilipoenea, komeo likafunguka. Akatoka macho yamevimba, nywele timutimu, akakaa mkekani kati ya wale mama na kula chakula cha matanga yake mwenyewe. Akaongeza ugali. Hakuna aliyemuuliza habari za shule.

Alipomaliza akanawa, akaja kupiga goti mbele yangu.

"Shikamoo, shangazi. Nataka kurudia mtihani."

"Marahaba, mwanangu," nikaitikia, na hapo machozi niliyoyabana tangu Mbinga yakanitoka kwa sauti.

Yule mama mkubwa akanishika mkono haraka. "Nyamaza, wewe! Wataleta kuni tena!"