Kiti Kinaishia Hapa

Kampuni ile ya ndege ina maneno inayoyapenda sana: mahitaji maalumu. Nilipopiga simu kukata tiketi nikiwa nyumbani kwangu Amalemba, binti aliyepokea aliniuliza kama nina mahitaji maalumu. Nikamwambia sina. Nina haja ya kufika Nairobi kama watu wengine. Ila miguu yangu haifanyi kazi tangu gari liliponigonga, natumia kiti cha magurudumu, na kwa hiyo lazima wajue watanifikishaje ndani ya ndege.

"Hiyo tumeiweka, mama," akasema. "Usijali."

Nikaanza kujali papo hapo.

Sikupanda ndege kwa majivuno. Kitinda mimba wangu alikuwa amelazwa Nairobi. Alikuwa amejifungua pacha kwa upasuaji, na damu ikamtoka nyingi mno. Kwenye simu sauti yake ilikuwa ndogo, na aliniambia maneno mawili tu: "Mama, njoo." Kwa barabara ningekaa kutwa nzima, na mimi nikikaa kutwa nachubuka makalio, kidonda kikishika hakiponi upesi. Basi mume wake akaja kunichukua.

Mkwe wangu ni mtu mzuri. Hajawahi kunipa mkono tangu amwoe binti yangu. Nikila, yeye hayupo mezani. Nikiwa sebuleni, yeye hukaa kwenye kiti cha karibu na mlango na kuongea huku akitazama sakafu. Mimi nami silali kwake. Nikienda Nairobi hulala kwa dada yangu. Wako wanaotucheka kwa hayo, hasa waliosoma kidogo wakadhani wamemaliza. Sisi wawili tunayaita heshima, na hatujawahi kukosana.

Kutoka kwenye kiti changu kuingia garini hakunisumbui. Naweka kibao katikati, najisukuma kwa mikono. Mikono hii ilipalilia miwa ya baba yangu kule Kabras tangu nikiwa msichana, na haijasahau. Kwa hiyo safari ya kwenda uwanjani ilikwenda vizuri, yeye mbele na dereva, mimi nyuma na katoni ya ingokho, yaani kuku, niliyomkaangia mzazi.

Uwanjani walinipokea kwa tabasamu. Kijana mmoja aliyevaa tai alinisukuma kwa madaha, akawaambia watu wapishe, akaniuliza kama nimestarehe. Tuliwapita abiria wote. Nikaanza kufikiri labda niliwahukumu mapema. Akanisukuma hadi nje kabisa, chini ya ndege, mbele ya ngazi, akakanyaga breki.

"Kiti kinaishia hapa," akasema.

Nikamwuliza mimi naishia wapi.

Akatazama ngazi kana kwamba ndiyo kwanza aione. Ilikuwa ngazi nyembamba, ya chuma, ya kuning'inia kutoka mlango wa ndege. Akaenda kumwita mkubwa wake, mwanamke wa rika la binti yangu, mwenye redio mkononi. Kwa matamshi yake nilijua ni wa kwetu hapa hapa.

"Mama, mashine ya kupandisha watu iko Nairobi," akasema. "Lakini hakuna shida. Kijana yako atakubeba. Wazee wanabebwanga tu na vijana wao."

"Huyu si kijana wangu," nikasema. "Ni mkwe wangu."

Wapakiaji wawili wa mizigo waliokuwa karibu waliacha walichokuwa wakifanya. Mmoja akarudi nyuma hatua nzima, kama vile yeye ndiye ameambiwa anishike. "Aa, hapana," akasema. "Mukwe hashikangi mama. Wacha sisi tumubebe."

"Nyinyi hamuruhusiwi," akasema yule wa redio. "Mkimuangusha, ni kampuni itashtakiwa. Sheria ni mtu wa familia."

Nilimwelewa vizuri sana. Mkwe akiniangusha, hiyo ni aibu ya ukoo na kampuni haimo. Mwanamke wa kwetu, aliyelelewa na mama kama mimi, alisimama pale na fulana yake ya kung'aa akinipangia nikumbatiwe na mume wa binti yangu mbele ya abiria, kisha akatabasamu. Nilimdharau kwa moyo wangu wote, na sijaona sababu ya kuacha.

Mkwe wangu alikuwa amepauka. "Mama," akasema akitazama lami, "tunaweza kurudi nyumbani. Nitamweleza mama watoto." Kisha akasema kwa taabu, "Au ukisema nikubebe, nitakubeba."

Nilijua angenibeba. Nilijua pia kwamba baada ya hapo asingeweza tena kukaa hata kwenye kile kiti cha karibu na mlango.

Yule wa redio, aliyekwisha kuwapandisha abiria wengi wakati sisi tukisemezana, akatazama saa. "Mama, tuamue. Ndege inachelewa kwa sababu yako."

Nikamwomba mpakiaji asogeze kiti hadi kigusane na ngazi. Nikafunga leso yangu vizuri, nikaikaza mapajani isije ikafunuka. Nikageuka, nikaipa ngazi mgongo, nikajishusha juu ya kidato cha kwanza kwa mikono. Kisha nikajiinua kwenye kinachofuata, nikaivuta miguu. Kisha kinachofuata. Chuma kilikuwa cha moto na kiliniuma viganja. Madirishani watu walinitazama, na bwana mmoja aliyengoja kupanda alitoa simu akaanza kunirekodi bila hata kujificha. Kijana wa tai alisema, "Pole, mama, pole," kila nilipojiinua, mikono yake ikiwa mfukoni.

Kwa kuwa nilipanda kinyumenyume, niliwaona wote. Na nilimwona mkwe wangu. Alikuwa amegeuka, amenipa mgongo, ameshika mipini ya kiti changu kitupu, anatazama majani ya ng'ambo ya uwanja. Hakugeuka hata mara moja. Katoni ya ingokho ilinipita, imebebwa na mpakiaji kwa mikono miwili, taratibu, isimwagike.

Kiti nilichopewa hakikuwa cha mbele. Vya mbele vilikuwa vya waliolipa zaidi. Nikajivuta sakafuni katikati ya viatu vya watu. Walikuwa wametupanga mimi na mkwe bega kwa bega, lakini mama mmoja alimwona amesimama tu, hakai, akaelewa, akaja kukaa kando yangu bila kuulizwa. Rubani akatangaza kwamba tumechelewa kidogo kwa sababu ya abiria mgonjwa, na akawashukuru wengine kwa uvumilivu wao. Wakapewa juisi.

Nairobi mashine ya kunishusha ilikuwepo, ikanishusha kwa fahari kubwa.

Hospitalini binti yangu alikuwa amejilaza kitandani, midomo myeupe, watoto ubavuni. Akaichukua mikono yangu, akaona viganja vilivyochubuka. "Mama, nini hii? Mlisafirije?" Akamtazama mumewe, aliyebaki mlangoni kwa sababu mimi nilikuwa ndani. "Alipandaje ndege?"

"Alipanda mwenyewe," akasema mkwe wangu.

"Alipandaje mwenyewe?"

Akatazama sakafu. "Mimi sikuona," akasema.