Bolti Niliyoikata Mbele ya Baba wa Msichana

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alitutoka na shida ikaingia bila kubisha. Mama alikuwa anachuma kahawa kwa mashamba ya Ruiru. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na la tatu ndilo likawa la mwisho. Nikapelekwa gereji moja Thika kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Niliviosha miaka minne kabla ya kuruhusiwa kushika spana. Nasema hivi ili ujue kwamba nilichofanya mwaka jana sikukifanya kwa kutojua kazi. Nilikifanya kwa kutafuta sifa.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, hapa gereji yangu Kimbo, mbele ya nyumba yangu. Pikapu ikaingia ikinguruma kama trekta. Akashuka mzee wa rika langu, koti safi, viatu vimejaa vumbi. Akasema ametoka Gatuanyaga na gari linapiga kelele. Nikajiuliza, mtu gani anatoka Gatuanyaga, anapita mafundi wote wa Thika, anapita wa Witeithie, ndio anitafute mimi? Kisha akacheka kidogo, nikaona mwanya. Mwanya ule ule wa msichana ambaye kijana wangu alituletea nyumbani Krismasi.

Kwetu, kabla mtu hajawakubali wanaokuja kuomba binti yake, anataka kujua binti anaenda boma gani. Wengine hutuma shangazi. Huyu alikuja mwenyewe, na gari bovu kama kisingizio. Sikumwambia nimemtambua, na yeye hakusema ni nani. Tukabaki hapo, wazee wawili, kila mtu anamdanganya mwenzake kwa heshima.

Kelele ilikuwa inatokea pale bomba la moshi linaposhikana na injini. Pale kuna bolti zisizo na kichwa, upande mmoja umeingia kwa injini, upande mwingine una nati. Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu. Fundi mwenye akili hupaka mafuta, hungoja, kisha hufungua pole pole. Mimi nilitaka baba wa msichana aone nguvu. Nikachomeka paipu kwa mkono wa spana, nikavuta.

Tak.

Nikakohoa kwa nguvu, nikaficha nati mfukoni. "Mzee," nikamwambia, "ingia ndani unywe chai. Hapa kuna vumbi."

"Chai itangoja. Hiyo imefanya nini?"

"Imeliwa na kutu. Imekatika yenyewe."

"Yenyewe?"

"Kutu ni kitu kibaya, mzee."

Akaiangalia ile paipu, kisha akaniangalia. "Na hicho kikohozi, pia ni cha kutu?"

Kijana wangu alikuwa kazini kiwandani Thika, hajui lolote, na mimi hapa namharibia ndoa kwa uongo wa bolti. Nikaitoa nati, na kipande cha bolti ndani yake, nikamwekea mkononi. "Nimeikata mimi. Nilikuwa naringa mbele ya baba wa yule msichana."

Akaigeuza nati mkononi. "Kumbe ulijua."

"Huo mwanya haufichiki."

"Na vile nilikuwa nimejipanga," akasema. "Sasa itoe. Ukishindwa nitarudi na bodaboda, na yale mengine tutaongea siku nyingine." Alisema kwa upole, lakini nilielewa ni siku gani hiyo: hakuna.

Fundi jirani, yule wa kupima magari na kompyuta, akachungulia. "Mzee, hapo ni kutoboa na drili tu." Nikamwambia arudi kwa kompyuta yake. Drili ikienda kando inaharibu zile nyuzi za injini zinazoshika bolti. Ikivunjikia ndani, chuma chake ni kigumu kuliko bolti yenyewe, na hapo umejizika.

Kipande cha bolti kilichobaki kilikuwa kimechomoza kama nusu ya ukucha. Nikaweka nati nyingine juu yake, nikachomelea kupitia tundu lake mpaka vikashikana. Moto ule hulegeza kutu. Kabla haijapoa nikagusisha mshumaa, nta ikanyonywa ndani. Halafu nikafanya kile kinachowashinda mafundi wengi: nikakaa. Tukanywa chai. Mzee akaangalia nyumba, ng'ombe, na mke wangu, ambaye alikuwa ameshabadilisha kitambaa cha kichwa mara mbili.

Ilipopoa kiasi nikaweka spana, bila paipu. Robo mzunguko nikifungua, kidogo nikirudisha. Ikalia. Mzee akainama, mikono kwa magoti, pumzi yake kwa sikio langu. Robo tena. Halafu ikalegea, ikaja pole pole mpaka ikatoka nzima.

Akaishika, ikamchoma kidogo, hakuiachilia. "Muthoni," akasema. Hilo ndilo neno letu la mkwe, na mpaka hapo alikuwa hajaniita hivyo. "Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tatu."

"Mimi la pili. Sasa nitajie ulicho nacho, bila kuongeza. Mama ya msichana ataniuliza."

Nikamtajia hivi. Ploti moja Kimbo, futi hamsini kwa mia. Nyumba ya mawe, vyumba vinne. Vyumba sita vya kupangisha, vitano vina watu. Gereji ya mabati. Mashine mbili za kuchomelea, moja mbovu. Ng'ombe wawili, mmoja ana mimba. Pikipiki moja. Robo eka Witeithie, haijajengwa.