Nilimaliza samaki wa wakwe kwa ajili ya misuli yangu

Wasomaji wa ukurasa huu, nawasalimu. Mnaoniamkia, marahaba. Nimemwomba msimamizi alifiche jina langu na la kijiji changu, kwa sababu baadhi yenu niliwafundisha, na wengine niliwachapa. Nina umri wa miaka sitini na mbili. Ni mwalimu mstaafu, mgane, na ninalima kahawa katika milima ya Mbinga. Ninaishi na mwanangu wa mwisho, na ni yeye ninayemharibia maisha.

Mambo yalianza msimu uliopita wa kuvuna kahawa. Nilishindwa kupanda kilima kutoka shambani. Nilikaa chini katikati ya njia, tumbo limenilalia mapajani, nikisubiri pumzi irudi. Vijana wawili wakanishika mikono, na mmoja akasema, "Taratibu, Mwalimu, mzigo huu ulipaswa kubebwa kwa awamu." Wakacheka. Nami nilicheka, lakini nilipofika nyumbani sikula.

Nikaenda zahanati nikapimwa. Sikukutwa na kisukari wala shinikizo la damu. Daktari, kijana mwenye adabu, aliniambia, "Mzee wangu, usijinyime chakula tu, maana utapunguza misuli pamoja na mafuta. Kula maharage, mayai, samaki na mboga za majani. Ugali uwe kiasi cha ngumi yako. Halafu fanya mazoezi ya kuinua vitu vizito."

Nilitii. Kila alfajiri, nyuma ya banda la kuku, niliinua ndoo mbili zilizojaa mchanga, nikachuchumaa na kuinuka, nikasukuma ukuta mpaka siku nilipoweza kulala kifudifudi na kuisukuma ardhi. Nilijificha kwa sababu kwetu mzee akifanya mazoezi huulizwa anatafuta mke gani. Polepole suruali zikaanza kunipwaya kiunoni huku mashati yakinibana mabegani. Kilima nikakipanda bila kupumzika. Ningeishia hapo, nisingekuwa na kisa cha kuandika. Lakini nilianza kusimama mbele ya kioo bila shati, mtu mzima mimi, nikijigeuza huku na huku. Na ile ngumi moja ya ugali niliyoruhusiwa nikaifuta kabisa. Daktari hakuniagiza hivyo. Nilijiagiza mwenyewe.

Mwezi uliopita tuliteremka ziwani, upande wa Nyasa, kujitambulisha kwa wazazi wa binti ambaye mwanangu anataka kumwoa. Tulikuwa mimi, mwanangu, na mshenga wetu, ambaye ni rafiki yangu wa parokiani. Walitupokea kwa heshima kubwa. Ziwa lilikuwa limechafuka na samaki walikuwa wa shida, lakini walituandalia mbasa mmoja mnono, pamoja na ugali wa muhogo. Wanaume tuliketi mkekani tukalizunguka sinia moja.

Mnaijua adabu ya sinia. Mtu humega tonge, huchovya mchuzi, samaki humgusa kidogo tu, kwa kuwa wapo wanaosubiri zamu yao jikoni. Mtoto akila mboga bila ugali, hupigwa kofi la mkono. Mimi nilinawa, nikauruka ugali, nikamwendea mbasa. Nilianza na minofu ya mgongo, nikaja ya tumbo, nikarudi kichwani. Tangu asubuhi sikuwa nimekula kitu, na akili yangu yote ilikuwa kwamba nisipopata samaki wa kutosha, mazoezi yangu yatapotea bure.

Baba mdogo wa binti, mtu wa mzaha, akaniuliza, "Mkwe, ugali wetu umekukosea nini?"

"Haujanikosea, mkwe. Nimeshiba."

"Basi umeshiba upande mmoja! Naona upande wa samaki bado una nafasi."

Watu wakacheka. Mwanangu hakucheka. Alikuwa akimeza matonge makavu, macho yake kwenye mkeka.

Baadaye nilikwenda uani kujisaidia, nikapita karibu na jiko. Sinia lilikuwa limekwisha kurudishwa kwa akina mama na watoto. Nikamsikia mtoto akiuliza, "Bibi, samaki yuko wapi?"

"Chovya mchuzi, ule."

"Mchuzi wenyewe uko wapi? Yule babu wa mlimani kala wote?"

"Shii! Yule ni mkwe wetu." Kisha bibi akasema kwa sauti ya chini, "Na huko kwake ndiko dada yako anakopelekwa."

Niligeuka nikarudi mkekani bila hata kufika chooni.

Wiki iliyofuata mshenga alinipigia simu. "Mwalimu, mazungumzo ya mahari wameyasogeza mbele. Wanauliza, binti yao akishapika, atakula au atatazama?" Mwanangu sasa haongei nami ila kwa salamu. Juzi tu ndipo alipofungua kinywa: "Baba, waambie una kisukari. Wakisikia ni ugonjwa, watakuhurumia, yataisha." Lakini sina kisukari. Nikisema kweli, itanibidi niseme kwamba mzee wa miaka sitini na mbili alikula chakula cha watoto ili kifua chake kitune.

Nilikuwa nimemtuma mshenga akatuombee nafasi nyingine, na jana alileta jibu. Wamekubali turudi Jumapili ijayo baada ya misa. Mama wa binti ameagiza kwamba nisiwe na wasiwasi wa chakula: wanaume wengine wataketi kwenye sinia kama kawaida, nami nitawekewa meza pembeni, na sahani yangu peke yangu.

Wanaotaka kucheka wacheke, ila wakimaliza wanijibu. Je, nikaikalie meza hiyo na kudanganya kwamba mimi ni mgonjwa, mwanangu apate mke? Au nisimame mbele ya watu wale, wakiwemo watoto waliolala bila samaki, niwaeleze nilichokuwa nikikifanya nyuma ya banda la kuku? Nipeni ushauri wa watu wazima, nimekwama: nifanye lipi?