Meno Manne ya Mama Mbele ya Mashine ya Sumaku

Mama yangu na shangazi yangu ni mawifi kwa zaidi ya miaka arubaini, na sijapata kuwaona wakigombana. Walichonacho ni utani. Shangazi, dada yake marehemu baba, alipoanza kuvaa meno ya bandia, yale ya kuvua usiku na kutia kwenye bilauri, mama alipata mtaji wa kudumu. Kila shangazi alipokuja kwetu, mtaa wa Al Khuwair, mama alimwekea sahani ya miwa iliyomenywa.

"Ah, samahani wifi," husema. "Nilidhani leo umekuja na meno."

Kisha huchukua kipande yeye na kukitafuna polepole, kwa magego ya nyuma, akimtazama usoni.

Ambacho shangazi hakukijua ni kwamba meno manne ya mbele ya mama, ya juu, ni ya kupandikizwa. Yaliwekwa India, mwaka tuliowaambia watu kuwa tumekwenda kutazamwa macho. Nilikuwa naye safari zote mbili: ya kwanza kutia skrubu kwenye mfupa wa taya, ya pili, baada ya miezi, kufunga meno juu yake. Katikati ya safari hizo mama alizungumza na wageni ukingo wa mtandio ukiwa mdomoni, mara ana mafua, mara vumbi. Daktari alinipa kadi ndogo iliyoandikwa aina ya skrubu na madini yake, akasema tuitunze. Mama naye aliniapisha nisimwambie mtu. Mtu, maana yake shangazi.

Mwaka jana mguu wa kushoto wa mama ulianza kufa ganzi. Akaanza kusali kwenye kiti, jambo lililomuudhi kuliko ganzi yenyewe. Daktari akataka uti wa mgongo upigwe picha kwa MRI, ile mashine ya sumaku, na siku tuliyopewa tuliisubiri wiki saba.

Asubuhi hiyo tulimkuta shangazi ametutangulia hospitali, kaja na teksi kutoka kwake Matrah, chupa ya chai mkononi na kopo la vitumbua. Kwetu mgonjwa haendi kupimwa na mtu mmoja. Nilikuwa na kadi ya India kwenye mkoba, na nilikuwa na mpango wa kumpa mhudumu kimyakimya. Shangazi hakuwa kwenye mpango.

Aliyetupokea alikuwa binti mwenye koti jeupe juu ya abaya. Alianza kwa Kiarabu, akasikia tunavyosemezana, akageukia Kiswahili. Cha bara. Shangazi hakumwacha aendelee mpaka ajue kwao ni wapi. Watu wake walitoka Burundi. Wakajuliana hali upya, ndipo binti akachukua karatasi ya maswali.

"Bibi, una chuma chochote mwilini? Betri ya moyo?"

"Hamna."

"Umewahi kupasuliwa, ukatiwa skrubu au klipu?"

"Hamna."

"Meno je? Ya bandia, au ya kupandikizwa?"

Shangazi akadakia. "Huyu? Meno yake yote kapewa na Mungu. Mwenye ya bandia ni miye, na kila wiki nnakumbushwa."

Mama alitazama ukuta. "Hamna," akasema.

Binti akatia alama, akanisogezea karatasi niweke saini kama jamaa wa mgonjwa. Nilishika kalamu na sikuandika. Kuna maswali ambayo mtu hajibu uongo kwa ajili ya utani, na hili, mbele ya sumaku kubwa kiasi kile, niliona ni mojawapo.

"Shangazi," nikasema, "twende tukanunue maji."

"Maji nnayo."

"Basi nisindikize chooni."

"Umri huo! Nenda, mkoba wako nitakushikia."

Mama aliniangalia kwa jicho ninalolijua tangu utoto. Binti alituangalia sote watatu, mmoja baada ya mmoja, na nadhani alielewa kitu. Akasema mgonjwa aende naye chumba cha kubadilishia nguo, peke yake, ndiyo taratibu. Shangazi akainuka. "Peke yake," binti akarudia, kwa adabu, akavuta pazia.

Tulikaa kwenye viti vya nje, hatua chache kutoka pazia lile. Tulisikia bangili zikivuliwa kwa sabuni, mama akilalamika. Kisha binti akauliza maswali yaleyale, sauti ya chini. Lilipofika la meno, mama akauliza bangili zake zitawekwa wapi.

"Bibi," binti akasema, "meno ya skrubu si tatizo. Mengi ni ya titaniamu, madini yasiyovutwa na sumaku. Yangeharibu picha kama tungepiga kichwa, lakini tunapiga mgongo, ni mbali. Ila lazima nijue ni ya aina gani. Nisipojua, nitakuandikia siku nyingine."

"Siku nyingine lini?"

"Mwezi ujao, labda baadaye."

Niligeuka kumtazama shangazi. Alikuwa akihangaika na kifuniko cha kopo la vitumbua, hasikilizi.

"Mwanangu!" mama akaita, kwa sauti ya kuita watu mezani. "Niletee ile kadi ya India."

Mkono wa shangazi ukasimama juu ya kopo. "Kadi gani ya India?"

"Ya meno, wifi," pazia likajibu. "Manne. Cheka sasa hivi umalize, nikiingia humo ndani natakiwa nisitikisike."

Shangazi alicheka hadi akajiziba mdomo kwa viganja viwili, meno yake yasije yakatoka. "Na miwa yote ile! Yarabi, mwanamke huyu!" Nilipitisha kadi. Binti aliisoma, akaandika, akarekebisha alama yake, nami nikatia saini.

Mama alipokwisha kuingia, na mashine ilipoanza kugonga kule ndani kama watu wanaovunja ukuta, shangazi alifunika kopo.

"Ulikwenda naye wewe?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Mngenambia," akasema. "Ningekwenda kumshika mkono."

Nilimmiminia chai.

Picha zilitoka safi. Wiki iliyofuata daktari alituonyesha pingili moja inayobana mshipa wa fahamu, akasema haihitaji kisu, ni mazoezi na subira. Lakini mama hakungoja daktari ili afurahi. Alitoka kwenye chumba kile mtandio umepinda, uso mwepesi, akala vitumbua vitatu amesimama.

Kwenye maegesho, juani, kabla sijafungua gari, shangazi alimshika kidevu.

"Fumbua mdomo."

"Hapa? Watu wanatuona."

"Waache waone. Yepi?"

"Tafuta mwenyewe."

Mama akaachama. Shangazi alivaa miwani, akainamisha kichwa huku na huku, akachungulia juu, akachungulia chini, kama mtu anayechagua mbuzi wa Idi. Alichukua muda wake. Mwishowe akanyoosha kidole, kwa uhakika kabisa, kwenye jino la chini ambalo mama aliliota akiwa na miaka saba.