Glavu ya Mkono wa Kulia

Mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi kiwandani tulimchagua kwa sauti. Siku ya uchaguzi mashine ya kusaga barafu ilikuwa inanguruma, na kati ya wagombea watatu, ni yeye peke yake aliyesikika. Wenzake walichezesha midomo tu. Tukambandika jina Kipaza, tukampigia makofi, tukarudi mezani kukata minofu. Hakuna aliyeuliza kama amewahi kukata samaki. Hakuwahi. Alikuwa mbandika lebo kwenye maboksi, chumba kikavu, tena ameketi.

Mimi nimekata samaki miaka kumi na tisa. Mkono wa kulia unashika kisu, wa kushoto unamkandamiza samaki, na huo wa kushoto ndio unaochanika. Shule sikuiona, lakini hilo nalijua.

Tulidai glavu za nyuzi za chuma. Kipaza akaingia ofisini, akatoka akipunga karatasi.

"Ushindi, akina mama! Kila mmoja na glavu yake!"

Zikaja, mojamoja, zote za kulia. Kampuni ilikubali kutoa moja kwa kila mtu. Alipoulizwa ya mkono upi, Kipaza alijibu bila kusita: wenye kisu. Kisha akatia sahihi.

"Kwani kisu kinajikata chenyewe?" jirani yangu wa meza alimuuliza.

"Dada, mambo ya majadiliano ni mazito. Niachie mwenyewe."

Tukamwachia. Glavu tukazipindua ndani nje, tukazivaa kushoto. Shida ni kwamba vile vinundu vya mpira vya kushikia viligeukia ndani, vikashika ngozi yetu badala ya samaki. Siku moja samaki akaniponyoka, kisu kikanipasua juu ya kifundo cha mkono, pale glavu inapoishia. Nikashonwa nyuzi sita.

Kesho yake nikaitwa ofisini kwa kosa la kuvaa glavu kinyume cha makubaliano. Nikishindwa, kazi sina. Na nyumbani anayefanya kazi ni mimi tu.

"Mama, wewe nyamaza," Kipaza aliniambia mlangoni. "Mle ndani mdomo wako ni mimi."

Meneja akainua karatasi. "Mwakilishi, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu, Bwana Meneja! Na chama kinaheshimu makubaliano!"

Alilisema kwa nguvu hata akina mama waliojibanza dirishani wakalisikia. Basi mdomo wangu ukawa umenihukumu.

Nikaona heri nitumie ule niliozaliwa nao.

"Mwanangu," nikamwambia, "vaa glavu kama ulivyosaini, unikatie samaki mmoja. Mmoja tu, nijifunze."

Dirishani wakaangua kicheko. "Mkatie mama yako, Kipaza! Au unaogopa mapezi?"

Meneja naye alitaka kucheka, akaagiza samaki aletwe. Kipaza akavaa glavu kulia, akashika kisu, akaweka mkono wa kushoto mtupu juu ya samaki kama anayembembeleza mtoto alale. Mara ya kwanza akakata hewa. Ya pili, mapezi. Ya tatu akakata kidole chake cha shahada. Yowe alilolitoa, wallahi, mashine ya barafu haikulifunika.

Meneja akaamua palepale. Kidonda cha Kipaza kikaandikwa ajali kazini, kwa kuwa alivaa glavu sawasawa. Akapewa likizo ya wiki mbili. Changu kikaandikwa uzembe. Nikavua aproni, nikaitundika msumarini.

Mwezi uliofuata glavu za kushoto zikafika. Nasikia ukutani pamebandikwa picha ya Kipaza ameinua kidole chenye bendeji, na chini yake maandishi: Mwakilishi aliyemwaga damu kwa ajili yetu. Amechaguliwa tena, safari hii bila mpinzani.

Jirani yangu wa meza anasema glavu mpya zinakaa vizuri sana mkononi. Mimi sijazijaribu.